Mwanamke Niliyetakiwa Kumkuta Nyumbani

Nelida Perrella haketi. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Mimi ni askari wa manispaa hapa Roccalvara, Italia, mwaka wa ishirini na sita sasa, na nusu ya kazi yangu ni kupanda ngazi na kugonga milango. Kilima hiki kina watu mia nne na kumi, na karibu wote najua wanaamka saa ngapi na wanamnunia nani. Yeye tu ndiye alinishinda.

Asubuhi utamwona kwenye mizeituni ya watu, anasaidia na hakuna aliyemwita. Adhuhuri anapangusa mabenchi ya kanisa. Alasiri anashuka kwa miguu mpaka bondeni, kilomita saba, kwenda kununua uzi unaouzwa hapa hapa. Alizaliwa Rosario, Argentina. Babu yake alitoka kwetu na sanduku moja, hakurudi. Huko Rosario Nelida alikuwa mkaguzi wa tiketi za mabasi miaka thelathini na moja, na nadhani ndiko miguu yake ilikoharibikia. Mume alifariki, watoto hawakujaliwa. Alipostaafu akasema anataka nyumba alikotoka babu, akainunua kwa simu, kwa kutazama picha sita. Mimi hata viatu sinunui hivyo.

Alipokuja kutia sahihi aliniomba niwe shahidi wake, maana hakuwa na mwingine anayemjua. Kwetu mwanasheria wa mikataba lazima asome hati yote kwa sauti mbele ya mnunuzi na muuzaji, neno kwa neno, na Nelida aliinuka mara tatu kwenda dirishani. Alikuwa ameshapiga hesabu yake ya kodi ya ununuzi tangu Rosario: nyumba euro elfu thelathini, asilimia tisa, basi elfu mbili na mia saba. Mwanasheria akatabasamu. Akamweleza kuwa kodi yetu haina habari na bei uliyolipa. Serikali imeiandikia kila nyumba pato la kukadiria la mwaka, pesa ambayo hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuiona kwa macho. Ya nyumba ile ni mia nne na themanini. Kama unahamia kuishi, pato hilo linazidishwa mara mia moja na kumi na tano na nusu, inakuja elfu hamsini na tano na ushee, nawe unalipa asilimia mbili ya hiyo: elfu moja na mia moja. Kama ni nyumba ya kuja kupumzikia, unazidisha mara mia moja na ishirini na sita na unalipa asilimia tisa, na hapo ni elfu tano na mia nne.

Nelida akauliza nyumba aliyoinunua thelathini imekuwaje hamsini na tano. Mwanasheria akamjibu kuwa serikali inaipenda nyumba yake kuliko yeye.

Tukacheka, akaahidi kuhamia, akalipa ile kodi ndogo. Lakini ahadi ile ina meno. Ndani ya miezi kumi na minane uwe umeandikishwa mkazi. Ukishindwa, unalipa tofauti yote, na faini ya asilimia thelathini juu yake, na riba. Kwa Nelida hiyo ni zaidi ya elfu tano na mia sita. Benki alikuwa na elfu sita, za kubadilisha paa, na paa lile ukilitazama kutoka chini unaona mawingu.

Alitia sahihi mwezi wa Machi, akarudi Rosario kushughulikia pensheni, na makaratasi ya huko yakamshika zaidi ya mwaka. Alifika Juni, miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho. Mwishoni mwa Julai akaomba kuandikishwa ukazi katika nyumba yake. Donato, karani wetu wa daftari la wakazi, akamwandika siku ile ile kama sheria inavyotaka, kisha karatasi ikaja kwangu. Sheria inasema askari aende akahakikishe mtu anaishi pale, na asimwambie siku anayokuja.

Nikaenda saa nne asubuhi. Kimya. Wiki iliyofuata nikaenda saa saba mchana, saa ambayo kwetu hata mbwa wako mezani. Kimya. Mara ya tatu nikapanda saa kumi na mbili alfajiri na goti langu bovu, nikagonga mpaka jirani akanitukana kutoka dirishani. Nikatazama mita ya maji. Tangu Juni yalikuwa yametumika maji ya ndoo nne tano hivi.

Sasa elewa taabu yangu. Huyu mwanamke nilikuwa namwona kila siku kuliko ninavyomwona mke wangu. Kila mtu hapa keshasaidiwa naye, keshagombana naye, keshamlisha. Lakini kwenye karatasi yangu hayupo. Watu nao hawakosi la kusema: ana bwana bondeni, ndiyo maana uzi unamwishia kila siku. Mke wangu Gerarda alilijua hata jina la huyo bwana.

Nikamkamata njiani, kabeba kikapu cha mtu, hata hakusimama. Ikabidi niulize huku natembea.

"Dada Nelida, unalala wapi?"

"Kitandani, kaka Quirino. Na wewe?"

"Usinichezee. Nimegonga mara tatu. Hivi unajua nikiandika hupo itakuwaje?"

Hapo akapunguza mwendo. "Najua. Andika ulichokiona. Sikuombi uongo."

Nikaandika. Tangu siku hiyo sikutulia. Nakula nainuka, nalala nageuka, mpaka Gerarda akanifukuza nikalale sebuleni. Barua ikatoka kwa Nelida: ana siku kumi za kujitetea, la sivyo anafutwa daftarini kama hakuwahi kuandikwa. Na ile miezi kumi na minane ilikuwa inaisha mwezi ule ule.

Siku ya saba nikapiga simu ofisini kwa yule mwanasheria. Akapokea katibu wake, anatafuna kitu. Nikamweleza. Akaniambia, kama anayemwelekeza mtoto, kwamba sheria ya kodi haisemi uishi ndani ya nyumba uliyonunua. Inasema uwe mkazi wa mji ambamo nyumba hiyo imo. Hata akilala kwa padri, mradi padri yuko Roccalvara na mwenye nyumba atie sahihi kukubali kuwa anakaa naye.

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Miaka ishirini na sita! Mimi, Donato, kijiji kizima, wote tuliamini lazima mtu akutwe na kitanda chake chini ya paa alilolinunua. Tumewahangaisha watu wangapi?

Nikateremka mbio, kama goti linavyoruhusu, nikamkuta bombani anaosha zulia ambalo si lake. Nikamwambia: taja tu unapolala, ukombolewe. Uso ukamng'aa. Halafu nikataja sahihi ya mwenye nyumba, na ule mng'ao ukazimika pale pale.

"Nitalipa," akasema.

"Utalipa nini? Na paa?"

"Nitaweka ndoo."

"Ndoo, dada? Theluji inakuja hapa mpaka kiunoni!"

"Nimemwahidi mtu, Quirino. Niache."

Akainama tena kwenye zulia. Nilipandwa na hasira, sifichi. Mtu anarushiwa kamba kisimani anasema hapana, asante. Nikaenda kwenye duka la mikate nikapayuka mbele ya kila mtu: mwanamke yule ni mkaidi, atatupa elfu tano na mia sita kwa siri isiyo na maana, na anachotakiwa ni sahihi moja tu ya mtu anayemlaza! Kufika adhuhuri kilima chote kilikuwa na habari, mpaka nyumba za juu kabisa.

Siku ya kumi ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa ofisini kwa Donato, watu watano kwenye foleni, mlango ukafunguliwa akaingia Shangazi Carmosina.

Tukasimama wote. Carmosina ana miaka themanini na sita, mjane wa msaga nafaka Aquilino, nyumba ya pili kutoka kanisani. Kutoka kwake mpaka ofisini ni ngazi tisini na nne, na hakuwa amezishuka tangu tulipomzika Aquilino, miaka mitatu. Kavaa viatu vya misa, kashika mkoba kwa mikono miwili, anahema. Na mwanawe Sabatino, aliyeko mjini Torino, kila mtu anajua alishamwekea nafasi kwenye nyumba ya wazee, anangoja sababu tu. Mmoja wa wale watano kwenye foleni ni binamu yake Sabatino.

Donato akamletea kiti. Akakikataa.

"Andika," akasema. "Nelida analala kwangu. Tangu wiki aliyofika."

Donato akamwambia taratibu kwamba si lazima aeleze kwa nini.

"Nitaeleza, wasije wakatunga wao. Usiku akili yangu inaniacha. Nasahau kuwa Aquilino amekufa, natoka na nguo ya kulalia kwenda kumwita kinuni. Yeye alinikuta barabarani siku yake ya tatu hapa, akanirudisha. Nikamwapisha asimwambie mtu." Akamtazama binamu wa Sabatino usoni. "Sasa nimesema mwenyewe. Nionyeshe pa kutia sahihi."

Alitia sahihi herufi moja moja, ofisi nzima ikingoja. Donato alikuwa anapangusa miwani yake, haikuwa na vumbi.

Uhakiki ni uhakiki, na zilibaki siku tisa ile miezi kumi na minane itimie. Kesho yake asubuhi nikapanda. Carmosina akafungua. Nikauliza Nelida yuko wapi.

"Ametoka."

Nilitaka kulia na kucheka. Akanipeleka chumbani. Vitanda viwili, kimoja karibu na mlango. Viatu vya kutembea jozi tatu, visigino vimelika. Kwenye mguu wa kitanda cha Carmosina imefungwa kamba ya pazia, imepita sakafuni mpaka kwenye mto wa kitanda cha pili, na mwisho wake una kitanzi kilicholegea, kimechakaa.

"Hii ya nini, shangazi?"

"Usiku ncha hii naihamishia mguuni mwangu, ile anaivaa mkononi. Nikiinuka tu, anaamka. Anakaa hivyo usiku kucha, hageuki, asije akaniamsha."

Simu ikalia jikoni. Alikuwa Sabatino, binamu hakuchelewa kumpasha habari. Nikiwa chumbani nilimsikia anafoka. Carmosina akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaniita, akaniwekea simu mkononi.

"Mwambie ulichokiona," akasema. "Wewe si huandika unachokiona?"

Sabatino akaniuliza kama ni kweli mama yake anakaa peke yake na wazimu wake.

"Hapana," nikasema. "Wanaishi wawili. Nimehakikisha mimi mwenyewe, na linaingia daftarini leo."

Sauti ikamshuka, nikasikia anatafuta kalamu. Halafu akauliza huyo mwanamke anaitwa nani, nikamtajia jina lote, polepole, aliandike.