Mibuni Mipya ya Mjomba Datius

Kila asubuhi, kabla ya chai, mjomba wangu Datius alitafuna buni mbili tatu kavu huku akizunguka kibanja, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa lenye makaburi ya wazee, na kugusa mibuni kwa kiganja. Hapa kwetu Kagoma mibuni mingi ni ya enzi za mababu. Mirefu, imechoka. Yake ilikuwa hivyohivyo mpaka alipoamua kung'oa nusu na kupanda miche ya kisasa inayozaa sana. Pesa alikopa benki, kibanja akakiweka rehani. Wa ukoo hakuwaambia.

Kijana wa benki alikuja na pikipiki kukagua. Akasifia mashimo, akasifia samadi. Kisha akasema, "Mzee, marejesho yanaanza mwezi ujao."

"Waitu, mwanangu, mbuni haujui mwezi ujao. Unazaa mwaka wa tatu."

"Basi uubembeleze."

Mjomba alicheka. Mke wake, Kokubanza, hakucheka. "Ulitia saini bila kuuliza hilo?"

"Niliuliza riba."

Marejesho ya kwanza yalikula mbuzi. Yaliyofuata yakamfikisha kwenye butura, yaani aliuza kahawa ya mibuni iliyobaki ingali maua, kwa bei ya kutupa. Msimu ulipofika mnunuzi alibeba magunia yote, sisi tukabaki kufagia uwanja. Miche ilistawi, majani yaling'aa, kahawa hakuna. Marejesho yakakwama, ndipo dalali wa benki akaja kupaka alama nyekundu ya mnada ukutani.

Hapo ukoo ukajua. Kaka yake mkubwa, Karugendo, mwenye duka la mabati Bukoba mjini, alifika amekasirika.

"Umemweka babu rehani? Makaburi yale yapigwe mnada?"



Kwetu kibanja cha ukoo hakiachwi kiende kwa mgeni. Mwenye uwezo hukikomboa. Karugendo akalipa benki, kikawa chake. Kokubanza alimshukuru kwa magoti.

"Kaeni tu," Karugendo alisema. "Ila Datius, ukitaka kukata ndizi, nipigie simu kwanza."

"Hata ya kula?"

"Hata ya kula. Wewe nakujua, utaipeleka benki."

Wanaukoo waliokusanyika uani waliangua kicheko.

Kesho yake, Jumanne, mjomba alivaa koti lake la kanisani. Kokubanza alikuwa mlangoni pa jiko, simu sikioni, anaomba ruhusa ya kukata mkungu wa mchana. Mjomba akasimama kumsikiliza mpaka aliposema, "Asante, shemeji." Kisha akatoka, akashika njia ya barabara kuu.

Hakurudi.