Shika na Tika

Mama yangu kule Bukavu alijua nimekuja Kisangani kufundisha, na ni kweli nilifundisha. Sikumwambia kwamba kila Jumamosi nilipanda pikipiki kutoka Mangobo hadi mto Tshopo, nikavaa jaketi la kuelea, nikasimama mtumbwini na wanawake wengine kushuka maji ya kasi. Tulijiandaa kwa mashindano ya mitumbwi ya akina mama. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nilishayavulia. Darasani nilitazama saa mara kwa mara, lakini mtoni hata sikuikumbuka.

Nahodha wetu alikuwa mama muuza samaki, mzaliwa wa palepale kwenye maporomoko ya Tshopo. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya sokoni. Mtumbwini aliamuru kwa Kilingala. Kilingala changu kilitosha kununulia muhogo na kusalimia majirani. Sheria yake kubwa hata hivyo niliielewa: mtumbwi ukipinduka karibu na mawe, uachie, maji yatakutupa mchangani. Anayeung'ang'ania hubanwa kati ya mtumbwi na jiwe.

Asubuhi moja tukapinduka. Niliibuka nimeukumbatia mtumbwi, jiwe liko mbele, na sheria yote imenitoka kichwani. Katikati ya ngurumo nikamsikia nahodha akiita, "Shika! Shika!" Nikashika. Alivyozidi kuita ndivyo nilivyozidi kushika, tena nikijiona mtiifu kuliko wote. Mwishowe alijivuta kando ya mtumbwi hadi niliko, akaning'ata vidole. Nikaachia kwa maumivu. Maji yakanizungusha na kunitema mchangani, na nyuma yangu nikasikia mtumbwi ukipasuka juu ya jiwe.

Nahodha alipofika mchangani na kupata pumzi aliniuliza, "Madamu, juu ya nini ulikatala kuachilia?"

"Mama, wewe ulisema shika."

"Mi nilisema tika!"

Tika, kwa Kilingala, ni achia. Wenzetu walitazamana, kisha wakacheka hadi wakakaa chini. Mimi nilicheka na kulia pamoja. Vidole vilivuja damu na sikujali hata kidogo. Nilikuwa hai, na mchanga ule ulikuwa mtamu kuukalia.

Nilijua wataniondoa, na wazo hilo liliniuma kuliko meno yake. Nikawatangulia, nikawaambia watafute mtu wa Kilingala.

"Apana," akasema nahodha. "Mutu mwenye anashika amri mpaka ku mawe, nitamupata wapi tena? Si weye, neno njo iko mubaya. Donc, basi, tunabadilisha neno."

Tangu siku hiyo, katika mtumbwi mwingine, timu nzima, wakiwemo wale ambao Kiswahili hawakukipenda, walifanya mazoezi ya kupiga kelele "Acha!" kwa ajili yangu peke yangu.

Siku ya mashindano tulipinduka tena, mahali palepale. "Acha!" ilitoka vinywani mwao wote, na mikono yangu ikafunguka kabla sijafikiri. Tulikutana mchangani wote wazima, wa mwisho katika mashindano, tukikumbatiana kama washindi.

Nikampigia mama yangu simu nguo zikiwa bado zinachuruzika, nikamweleza yote, pamoja na kung'atwa. Nikajua nitagombezwa.

"Uyo mama mwenye alikuuma iko apo?" akauliza. "Mupe simu, nimushukuru."