Hoja ya Mlango Uliofungwa

Wardah hakuwahi kukaa peke yake na Maxwell. Naliandika hili mwanzo kwa sababu mtaa mzima wa Magongo umesikia kinyume chake, na marehemu mume wangu, Bwana Idarus, hayupo kulijibu. Kila Jumanne na Alhamisi alasiri, kijana huyo alipokuja kumfundisha, mimi nilikuwa kitini baina yao, miwani usoni.

Binti yangu ana miaka ishirini na tisa. Anatayarisha karatasi za forodha katika ofisi ya mizigo, na anataka kusomea shahada ya uzamili ya biashara. Chuo anachokitaka hakimchukui mtu bila mtihani wa kuingilia, na huruhusu mara mbili tu. Mara ya kwanza hesabu hazikumtoa jasho. Kilichomwangusha ni sehemu ya kupima hoja. Ndipo Maxwell, mwenzake kazini aliyeufaulu mtihani huo, akakubali kuja.

Siku ya kwanza alimpa swali la mwenye duka la mikate. Alipaka mlango wake rangi, mauzo yakapanda, akasema rangi ndiyo iliyoleta wateja. Lipi linadhoofisha hoja yake? Wardah akachagua jibu la nne: wateja kadhaa walisema wameipenda rangi.

"Hilo linamsaidia," Maxwell akasema. "Jibu ni la pili. Duka la mikate la jirani lilifungwa wiki hiyo hiyo."

"Lakini wateja wamesema wenyewe. Tuwakadhibishe?"

"Hakuna aliyewaita waongo. Tunatafuta kasoro ya hoja."

"Nyumba hii hatutafuti kasoro za watu," nikamwambia kwa sauti yangu ya darasani. "Tunawadhania mema."

Maxwell akainamia karatasi. "Sawa, mama. Lakini mtihani hauna dhana njema."

Ikawa hivyo wiki tatu. Katika maswali ishirini alikosa kumi na mawili, siku nyingine kumi na matatu. Kila mpumbavu aliyetajwa kitabuni, Wardah alimtafutia udhuru. Niliudhika naye, nikaudhika na kitabu, nikaudhika na kijana aliyekuwa akisema "tena" kwa upole kana kwamba sote tu wagonjwa.

Kisha nikaenda kwenye hitima mtaani. Swabra, anayekaa ng'ambo ya barabara, akasema mbele ya wanawake wote, "Mwanamume aingia, mlango wafungwa, kwa hivyo kuna jambo." Nilirudi nyumbani moja kwa moja.

"Wardah!"

"Abee, mama."

Nikamweleza, nikingoja alie. Akachukua penseli.

"Amedhani mlango hufungwa kwa ajili ya siri," akasema huku akiandika. "Linalomdhoofisha ni kwamba hufungwa kwa kelele za malori. Na mama mtu yumo ndani. Hoja yake imekwisha."

"Wallahi, mwanamke yule ana ulimi mchafu!"

"Mbona humdhanii mema, mama?" Akacheka. "Pengine atuonea huruma tu."

Mimi sikucheka. Jumanne iliyofuata alipata kumi na saba katika ishirini. "Kila swali najifanya ni Bi Swabra anayezungumza," alimwambia Maxwell. "Kasoro yajitokeza yenyewe." Kijana alipaliwa na chai yangu.

Sasa nasikia maneno mapya, kwamba alianguka mara ya kwanza kwa sababu akili yake ilikuwa kwa mwanamume. Hiyo nayo ni hoja mbovu. Wakati ule Maxwell alikuwa hajaajiriwa pale ofisini. Miezi yote ya kujitayarisha Wardah alifundishwa na mtu mwingine, mwalimu mwenye vyeti, aliyesimama darasani miaka thelathini na mmoja, na ambaye katika kila swali alimwagiza amtetee msemaji kwanza.

Mtihani wa pili ni Jumamosi hii. Kesho Maxwell anakuja kwa mara ya mwisho. Mlango utafungwa, kwa sababu ya malori, nami nitakaa kitini pangu bila kufungua kinywa.

Jina la yule mwalimu wa kwanza msiniulize. Sisemi.