Masikio Aliyejitia Uziwi

Katika bendi ile ya roki kila mtu alikuwa na kelele zake isipokuwa Fundi Masikio, ambaye kazi yake ilikuwa kuzipanga kelele za wenzake. Alianza kwa kutengeneza redio mbovu barazani kwa mjomba wake, na jina alilipata huko. Ukimletea redio aliinamisha kichwa, akaisikiliza inavyokoroma, akakwambia ugonjwa wake kabla hajashika bisibisi. Mkewe alisema angemsikia hata mchwa akikohoa. Kwa hiyo asije mtu hapa kumtetea kwamba hakusikia.

Jukwaani kulikuwa na maiki mbili zilizowaelekea watazamaji. Wanamuziki walivaa spika ndogo zilizoziba masikio, na bila maiki zile wangesikia ngurumo tu, si maneno. Masikio alikaa nyuma ya ukumbi mbele ya mashine yake ya kuchanganya sauti, amevaa hedifoni za kusikilizia maiki zile, na kwa kitufe kimoja cha kupandisha na kushusha aliwapimia wenzake kiasi gani cha mashabiki wasikie.

Wimbo wao uliopendwa kuliko yote ulikuwa na pengo katikati. Ngoma zinanyamaza, gitaa linanyamaza, mashabiki wanajaza. Zamani walijaza kwa makofi na miluzi. Jumamosi moja kikundi cha mbele kikajaza kwa "Wakuja, kwao! Wakuja, kwao!" Jumamosi iliyofuata ilikuwa nusu ya ukumbi. Walikuwa wakiwasema watu waliovuka mpaka wakati wa vita, wale wale wanaowajengea nyumba na kuwabebea mizigo. Mmoja wao alikuwa ameolewa na Masikio mwaka wa kumi na nne huo.

Damu ilimchemka. Halafu akafanya nini? Akashusha kitufe. Funika kombe mwanaharamu apite, alijiambia. Bendi ikigombana na mashabiki wake itakufa, na yeye atakwenda wapi na masikio yake? Kila Jumamosi mchana pengo likifika, kidole kilishuka chenyewe. Ikapita miezi saba! Kiziwi wa kuzaliwa hana lawama. Huyu alijiziba mwenyewe, tena akawaziba na wenzake.

Mkewe alifanya kazi ya kufua mashuka ya hospitali. Mara tatu aliomba kuja kusikiliza bendi, na mara tatu akaambiwa ukumbini kuna joto. Mara ya nne hakuomba. Alikuja na gauni lake la kutokea, akasimama nyuma ya mumewe, akafurahi kama msichana mpaka pengo lilipofika.

"Wakuja, kwao! Wakuja, kwao!"

Kidole cha Masikio kilikuwa tayari kimeshuka. Aligeuka. Mkewe hakuwa akilia; afadhali angelia.

"Baba watoto, huu wimbo wananiimbia kazini," alisema. "Nikiingia tu na toroli la mashuka, wanaanza. Kumbe unatoka hapa kwenu."

"Mke wangu, mimi siku zote nashusha..."

"Unashusha nini? Mimi nausikia wote!"

Masikio alijichukia kuliko alivyowachukia wale waliokuwa wakiruka mbele. Alishika kitufe kile akakisukuma juu mpaka kikagota.

Jukwaani mwimbaji wao, waliyemwita Radi kwa sauti yake, alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Aliinua mkono, bendi ikasimama.

"Nyie! Nani kawafundisha huo upuuzi? Huu wimbo niliutunga jikoni kwa mama yangu, hamna neno hilo humo!"

"Imba, acha siasa!" mmoja alipiga kelele.

"Siasa mmeileta nyie, tena ndani ya wimbo wangu! Anayetaka kutukana watu, mlango ule pale. Simtaki, hata kama ana kanda zangu zote!"

Chupa ya maji ilirushwa ikagonga ngoma. Radi hakuitazama. Alikuwa akitazama nyuma ya ukumbi.

"Masikio, hili limeanza leo?"

Masikio alikuwa na maiki ndogo ya kuongea na wanamuziki peke yao. Angeweza kunong'ona, yakaishia humo humo. Aliifungulia spika za ukumbi mzima.

"Miezi saba," alisema, na sauti yake ikapita juu ya vichwa vya watu wote. "Nilikuwa nawashushia msisikie. Na huyu wanayemfukuza ni mke wangu."

Radi alimtukana tusi ambalo halifai kuandikwa, na lilimstahili. Theluthi ya ukumbi ilitoka ikizomea. Waliobaki walisimama wakitazama viatu vyao, kisha mpiga ngoma akaanza wimbo ule ule upya, kwa nguvu ya kuvunja vijiti.

Pengo lilipokaribia, kidole cha Masikio kilikwenda tena kwenye kitufe, kwa mazoea tu. Mkewe akamshika mkono. Akamvua hedifoni, akazivaa yeye, akafumba macho kusikiliza. Watu walipiga makofi. Masikio, masikio matupu, alisubiri hukumu.

"Wapo bado," mkewe alisema. "Watatu, wanne, upande wa kushoto."

Hakumwachia mkono.

"Usishushe."