Kurasa Kumi na Moja za Mama Waya

Pale hospitalini, kitengo cha kompyuta walimwita Mama Waya, na jina likamkaa hata mumewe akaanza kulitumia. Aliingia kazini miaka kumi na tisa nyuma, kompyuta zikiwa nne tu, zimefunikwa vitambaa zisiingie vumbi. Yeye ndiye aliyezifikisha mia mbili na ushee. Waya zote zilizopita darini alizipitisha mwenyewe, akitambaa kwa magoti juu ya wodi ya wazazi huku vichanga vikilia chini yake.

Kisha akaja mkuu mpya wa kitengo, mtu mpole asiyepaza sauti. Akataka kila mmoja aandike kazi anazofanya, ili majukumu yapangwe upya.

"Hata zile ndogondogo?" Mama Waya akauliza.

"Hasa hizo, mama."

Wenzake waliandika nusu ukurasa. Yeye aliandika wiki mbili nzima, kurasa kumi na moja, moyo umemjaa, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Akaandika printa ya famasia inavyogoma mvua ikinyesha. Akaandika kwamba seva ya pili isizimwe kabla ya ile ya kwanza, la sivyo mafaili ya wagonjwa hayafunguki. Mumewe, fundi cherehani ambaye macho yake yalistaafu kabla ya mikono, akamtania: "Mke wangu, unaandika kazi au wosia?" Wakacheka sana.

Siku ya kikao, mgawanyo mpya ulibandikwa ukutani. Mtandao imepewa kampuni ya nje. Seva na nywila amepewa Profesa, jirani yake wa meza, aliyeitwa hivyo kwa miwani yake tu. Mama Waya akasoma majukumu ya kila mmoja, na kila mstari aliutambua: sentensi zake, zimekatwa vipande na kugawiwa watu. Jina lake lilikuwa chini kabisa. Mtunza Vifaa. Kuazimisha chaja na kuandikisha anayeazima.

"Bosi, mbona mmenipunguza?"

"Hatujakupunguza, mama. Tumekupunguzia."

Profesa alimfuata ukumbini. "Dada, mimi sikuomba."

"Najua, kaka."

Mwezi wa tatu baada ya kikao, asubuhi moja, kila kitu kikasimama. Mafundi wa kampuni walikuwa wamezima seva ya pili kwanza. Mama Waya akawaona kupitia mlango wa kioo wa chumba cha seva. Kadi yake haikufungua tena mlango ule. Akagonga. Fundi mmoja akamwinulia kiganja: subiri. Akasubiri. Nyuma yake, mama mwenye mtoto mgongoni aliambiwa arudi kesho, faili halionekani. Mama yule hakubisha. Akamfunga mtoto vizuri na kuondoka.

Mchana ndipo Profesa alipotoka, jasho likimtiririka. Mama Waya akamwambia sentensi moja. Dakika ishirini baadaye kazi ikarudi.

Ripoti ya tukio hilo iliipongeza kampuni kwa kuwahi, ikashauri wanaoruhusiwa kuingia chumba cha seva wapunguzwe zaidi. Mama Waya akaibeba hadi kwa mkuu.

"Mchango wako nimeuona, mama," mkuu akasema. "Lakini hospitali haiwezi kumtegemea mtu mmoja."

Miaka tisa Mama Waya aliomba msaidizi kwa maneno hayohayo, barua juu ya barua, na hakupewa.

Nyumbani mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Safari hii hakutania.

"Utaacha?"

"Niende wapi, baba? Vyeti vyangu ni vya mashine ambazo hazitengenezwi tena. Na nimebakiza miaka sita nistaafu."

"Ulijipalia makaa, mke wangu."

"Niliulizwa, nikajibu."

Kesho yake aliwahi kama kawaida, akafuta meza, akafungua daftari. Saa nne muuguzi mgeni akaja kuazima chaja. Akaandika jina, akauliza choo kiko wapi. Mama Waya akamwelekeza. Baada ya hapo hakuja mtu hadi mchana.