Nilimpangia kaka yangu wa Durban wikendi ya kuvuka mpaka, tulipofika hakushuka kwenye gari

Wakuu, habari za mihangaiko.

Ninayoandika hapa sijayatia chumvi. Mengine mpaka leo sijayaelewa vizuri, ndiyo maana nayaleta kwenu.

Wengi mnanijua kwa nyuzi zangu za wikendi. Mimi mtu wa Tanga, fundi AC, nipo Sharjah mwaka wa tisa sasa. Nikipata off ya siku mbili sikai chumbani. Nilishawaeleza humu namna ya kwenda Khasab upande wa Oman asubuhi na kurudi kesho yake, mambo ya visa, bima ya gari, kila kitu. Mpaka kuna watu wananiita Mzee wa Mipaka.

Basi likizo iliyopita Mzee wa Mipaka alichanganyikiwa mpakani kama mtoto.

Nina kaka yangu, tumwite Salimu. Aliondoka nyumbani kwenda Sauzi miaka kumi na miwili iliyopita na hajarudi hata mara moja. Baba alipofariki hakuja kuzika. Alipiga simu akasema kazi imembana.

Mama alisikia hilo neno "kazi", akakata simu. Toka siku hiyo akimtaja anasema "yule mwenzenu".

Mimi nikaona nitumie utaalamu wangu. Mama alishaapa kwamba Sauzi hakanyagi, taarifa za wageni kupigwa zilimtia hofu. Lakini mama mdogo ameolewa Maputo. Nikafungua ramani. Kutoka Durban hadi mpaka wa Kosi Bay ni mwendo wa saa tano hivi. Kutoka Maputo hadi hapohapo ni kama saa mbili, barabara lami. Mtanzania haombi visa, si Msumbiji si Sauzi.

Nikasema hii mbona rahisi kuliko Khasab? Mama apande ndege aende kwa mdogo wake, mimi nitue Durban, Jumamosi nimchukue kaka tuvuke, tuonane Ponta do Ouro, mji wa pwani upande wa Msumbiji, tule samaki, yaishe.

Nilifika Alhamisi. Kaka anafanya kazi kwenye duka la simu mjini, nikamfuata palepale.

Tukiwa tumekumbatiana, akaingia mteja. "Patrick! Ile screen yangu iko tayari?"

Kaka akageuka. "Iko. Ngoja kidogo, niko nakuya."

Nikacheka. Nikajua ni jina la utani, na hicho Kiswahili cha Kikongo nikajua ni cha biashara, maana wateja wengi ni Wakongo.

Jioni tukaenda kwake Overport. Kwenye lifti mama mmoja akasema, "Bonjour, Patrick." Sasa utani gani huu hadi kwa majirani?

Mlango ukafunguliwa na mwanamke ambaye sijawahi kuambiwa yupo. Furaha, mtu wa Bukavu, anasuka nywele saluni moja kule Berea. Wamekaa pamoja miaka sita. Miaka sita wakuu! Nyumbani hakuna anayejua. Akanipokea vizuri mno, "Karibu shemeji, jisikie nyumbani," lakini kila nikiuliza swali anamtazama kaka kwanza.

Ijumaa nikamwambia kaka twende tukaswali. Akasema tangulia, nakuja. Hakuja.

Kurudi nikamkumbusha habari ya kesho, ile safari ya Ponta niliyomwambia kwa simu bila kumtaja mama. Akaanza: gari lina mlio, bosi hajamjibu, labda wiki ijayo.

Nikashindwa kuvumilia. "Kaka, mama yupo Maputo. Kesho saa sita atakuwa Ponta. Amekuja kwa ajili yako."

Akakaa kwenye kitanda. Kule jikoni nikamsikia Furaha akimwambia baadaye kwa sauti ya chini, "Umuambie. Ni ndugu yako ule."

Nikaanza kuwaza mabaya. Nikawaza kaka ameua mtu. Nikawaza amebadili dini. Nikawaza mama atamwona huyu mwanamke itakuwaje.

Alfajiri nikamkuta ameshawasha gari. Furaha kakaa nyuma amepakata sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitenge, zawadi ya mama mkwe.

Mashamba ya miwa yakaisha, tukapita misitu ile ya miti ya mbao, tukapita Manguzi, na jinsi tulivyosogea ndivyo gari lilivyozidi kwenda taratibu, hadi malori yakawa yanatupigia honi. Nikampigia mama simu. Nikaona nisimchoshe na Ponta, nikamwambia asubiri hapohapo mpakani upande wake.

Tukafika. Kaka akaegesha mahali watu wanapoacha magari, akazima injini, mikono bado iko kwenye usukani.

Nikashuka na pasipoti yangu. Yeye hashuki.

"Twende basi."

Akatazama mbele, upande wa geti.

"Salimu, mama yupo pale. Unataka nimwambie nini? Kazi imekubana?"

Nilisema kwa hasira, nakiri. Nilitaka imuume.

Furaha ndiye aliyejibu. "Shemeji, yeye hawezi kuvuka. Akivuka, hatarudi."

Kaka akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, akanipa bila kunitazama. Ilikuwa karatasi ya mwomba hifadhi. Ina picha ya kaka yangu. Jina ni Patrick fulani, amezaliwa Uvira, Kongo.

Niliisoma mara tatu. Mimi na yeye tumezaliwa chumba kimoja, Tanga.

Ndipo akaeleza. Mwaka wake wa kwanza siku za kukaa ziliisha, kazi hana, nauli hana. Akaambiwa Mtanzania akiomba hifadhi hapewi, kwao hakuna vita, jiandikishe Mkongo.

"Nilidhani ni ya mwaka mmoja tu, mdogo wangu. Nijipange, nirudi."

Kila baada ya muda anaihuisha. Kuiacha hawezi, maana ndiyo inayomfanya afanye kazi na kupanga nyumba. Kutoka nayo nje ya nchi hawezi, maana akitoka imekufa. Pasipoti yake ya Tanzania ilishaisha siku nyingi. Msikitini haendi kwa sababu Watanzania wengi wanaswali hapo, anaogopa mtu amwite Salimu mbele za watu.

Wakuu, sikujua nimwonee huruma au nimpige. Mpaka leo sijui.

Nikagonga muhuri, nikavuka kwa miguu peke yangu.

Mama alikuwa kwenye gari la mama mdogo, mlango wazi, anakula biskuti. Akachungulia nyuma yangu.

"Yuko wapi?"

"Upande wa pili, mama."

"Amekataa kuja?"

Nilikuwa nimepanga uongo njia nzima ile fupi. Wote ukanitoka. "Hajakataa. Hana karatasi nzuri. Akitoka hawamrudishi."

Mama akafunga pakiti ya biskuti. "Mpaka hapo alipo ni mbali?"

"Dakika kumi, pamoja na foleni."

"Na mimi karatasi zangu nzuri?"

"Nzuri, mama."

"Basi nishike mkono."

Yule aliyeapa Sauzi hakanyagi! Dirishani afisa wa Sauzi akamuuliza kwa heshima, akimwita bibi kwa Kizulu, "Gogo, utakaa siku ngapi?" Nikamtafsiria. Mama akasema, "Mwambie saa mbili." Afisa akacheka, akagonga.

Kaka alikuwa nje ya gari sasa. Alipomwona akapiga magoti kwenye mchanga. Mama akasimama mbele yake, hakumshika. Akasema, "Baba yako alikuulizia mpaka siku ya mwisho." Kisha ndiyo akamshika kichwa, na wote wawili wakalia, na mimi nikaenda kusimama nyuma ya gari.

Furaha akaja na sombe, akapiga goti, akamkaribisha mama. Kwa wasiwasi ulimi ukamteleza: "Patrick, letea mama kiti."

Mama akageuka. "Patrick ndiye nani?"

Furaha alitaka ardhi immeze.

Kaka akasema, "Ni mimi, mama." Akamweleza yote, mwenyewe, palepale.

Nilingoja mama apasuke. Alikaa kwenye kiti cha gari miguu ikiwa nje, anakula sombe kidogo kidogo, anasikiliza. Mwishoni akauliza swali moja.

"Unaswali?"

"Chumbani. Nimefunga mlango."

Mama akatikisa kichwa. Akamwambia Furaha sombe ni tamu ila imepungua chumvi, akamuuliza wazazi wake wako wapi, nani kwao anajua kwamba anaishi na kaka. Nikamrudisha mama upande wa Msumbiji kabla geti halijafungwa. Kaka alisimama akiangalia mpaka kitambaa cha mama kikapotea kwenye watu.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote nimekuwa nikiwaandikia humu "ni karibu tu, kavukeni", bila kumuuliza mtu ana karatasi gani. Pale Sharjah kuna jamaa nalala naye chumba kimoja, hajawahi kuja hata safari moja, tulikuwa tunamwita bahili. Niliporudi nilimuuliza kwa upole. Kumbe pasipoti yake anayo mwajiri toka siku aliyofika. Nimemwomba radhi.

Kwa kaka bado niko njia panda. Akijisalimisha ubalozini arudi nyumbani, anamwacha Furaha na maisha yake. Akibaki, anaendelea kuwa Patrick. Mimi nilimwambia arudi. Mama, kwa mshangao wangu, amesema asiharakishwe. Na jana amenituma nimtafutie tiketi nyingine ya Maputo, anataka avuke tena apeleke posa ya Furaha.

Wenye uzoefu na hizi karatasi, mtu anatokaje humo salama? Wa kutukana pia karibuni, ila someni hadi mwisho kwanza.