Kiapo cha Mama Cibalonza

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini ya Bagula, huko Marekani, ilitoka Shively, kitongoji cha Louisville, ikafika Columbus, ikaendelea hadi Buffalo. Siku za kazi alipanga maboksi kwenye ghala moja la mji huo. Jumapili alikuwa mchungaji wa Wakongomani wenzake, na kwaya yao ilipoalikwa miji hiyo, yeye ndiye aliyetoa ushuhuda.

Ushuhuda wenyewe ulikuwa mtamu. Huko Kivu, watu wa bunduki waliwawinda wahubiri waliowakataza vijana kuogeshwa dawa ya vita ya kuzuia risasi. Walipomjia Bagula, alijificha nyuma ya magunia ya mihogo, na Mungu akawapofusha macho. Hapo aliinua kidole: "Mukristo hasemake uongo, hata bunduki ikuwe ku kichwa." Watu waliitikia amina, na amina hizo alizipenda kuliko ilivyompasa mtumishi wa Mungu.

Asichosema ni kwamba magunia yale yalikuwa nyumbani kwa jirani yake, Mama Cibalonza. Mama alisimama mlangoni akaapa kwa jina la Mungu kwamba mchungaji amekwisha kuvuka ziwa. Bagula alisikia kila neno, akashukuru.

Mwaka 2016 Mama Cibalonza naye akaletwa Louisville kama mkimbizi. Kwa desturi ya kanisa lao, mgeni hashiriki Meza ya Bwana kabla ya kukaa na wazee na kuungama. Bagula alikuwa kati ya wazee alipomwona anaingia. Mama alimsalimu kwa heshima, akaketi, akasema wazi kwamba aliwahi kuapa uongo kwa jina la Mungu ili kumwokoa mtu, na mpaka leo hajui kama amesamehewa.

Mzee Nshombo, mtu wa huruma, alikumbusha kuwa Rahabu aliwaficha wapelelezi kwa uongo na bado Maandiko yanamsifu. Mzee mwingine akajibu kwamba inayosifiwa ni imani yake, si uongo wake. Ndivyo mchungaji mwenyewe alivyowafundisha. Wote wakamgeukia Bagula. Bagula akapekua Biblia yake kana kwamba anatafuta mstari.

"Bon, mama," Nshombo akauliza, "ule mutu mulificha alikuwa nani? Pengine atakuya kutushuhudia."

Mama Cibalonza alimtazama Bagula, wala si kwa hasira. Alimpa nafasi. Bagula alikohoa tu.

"Alikuwa mutu wa kupita," mama akasema. "Sijue jina yake."

Basi akaongopa tena kwa ajili yake, safari hii mbele ya wazee wa kanisa, na Bagula akakubali kuokolewa. Aibu ilimjaa hadi masikioni. Lakini aliziwaza zile amina za Buffalo, na wazee walipomwomba neno, alisema, "Tufuate vile tulifundishwa." Mama akatengwa hadi Pasaka: benchi la nyuma, bila Meza.

Jumapili Bagula alizunguka na sahani ya mkate. Alipofika nyuma, Mama Cibalonza alivuta magoti pembeni ili mchungaji apate njia. Bagula akapita na sahani yake.